Kutoka stoo ya vitabu Magunga: Namna ya kuomba shahada ya uzamili ya ukutubi

Mpwa wangu ni mwalimu Magunga. Usiku wa Jumapili moja alinipigia simu, sauti imemshuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Nimeandika barua ya kuomba chuo mara nne, na mara nne nimeichana. Siku zimebaki kumi na mbili."

Kwa wasiopajua, Magunga ni mji mdogo wa soko kwenye vilima vya Gwassi, Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay. Ukishuka kusini kwa njia ya Karungu na Sori, umeingia kaunti ya Migori. Mtu akitoka kwetu Mombasa kwenda huko ameikata nchi nzima, kutoka bahari hadi ziwa. Binti huyu alipangiwa kazi huko kufundisha Kiswahili na historia. Mwezi wa pili tu mwalimu mkuu akamkabidhi ufunguo wa chumba kilichojaa makatoni ya vitabu, akamwambia, "Wewe ni mtu wa lugha, tusaidie hapa." Leo ni mwaka wa tatu, naye ameamua kusomea ukutubi katika ngazi ya uzamili.

"Shida yangu ni hii," akasema. "Wenzangu wanaoomba wanafanya kazi katika maktaba za vyuo vikuu Nairobi. Mimi nina stoo."

Nikamjibu kuwa hiyo stoo ndiyo barua yake. Na kwa kuwa vijana wengi wa hapa kwetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, huniuliza jambo hilohilo, nimeona bora niliandike lisomwe na wote.

Ukutubi ni kazi gani, na nani anaajiri?

Wengi wetu tukisikia mkutubi twamfikiria mtu wa kunyamazisha watoto na kupiga muhuri. Kazi yenyewe ni pana zaidi. Mkutubi huchagua vitabu, huvipa mahali na namba ili vipatikane, hutunza kumbukumbu, huendesha mitambo ya kompyuta ya kutafutia habari, na humfundisha msomaji kutofautisha habari ya kweli na ya uongo. Ndiyo maana vyuo vingi vya Kenya huita fani hii sayansi ya habari, na ndani yake mna ukutubi, utunzaji wa nyaraka na hata uchapishaji.

Waajiri wapo. Shirika la Maktaba la Taifa, KNLS, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, na matawi yake yamefika Kwale, Kilifi, Malindi, Lamu na Voi, na upande wa Migori liko la Awendo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Maana yake ni kuwa kijana wa Pwani anayetaka kazi hii aangalie pia matangazo ya bodi ya ajira ya kaunti yake, asingoje ya Nairobi peke yake. Ongeza vyuo vikuu, mahakama, bunge, nyaraka za taifa, makumbusho na mashirika ya utafiti.

Wapi pa kusoma

Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ndicho kilichotangulia kuwa na kitivo kizima cha sayansi ya habari, mwaka 1988. Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi navyo hufundisha uzamili wa ukutubi. Kwa mtu aliye Magunga, vyuo vya karibu vyenye masomo ya fani hii ni Kisii na Rongo. Rongo kiko Migori kwenyewe. Kilianza kama tawi la Moi, kikapata hati yake ya kujitegemea mwaka 2016.

Ukivuka mpaka, Makerere iko na skuli ya ukutubi iliyoanzishwa 1963 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha uzamili wa masomo ya habari. Usisahau kuuliza kiwango cha karo kwa raia wa Afrika Mashariki.

Kabla hujalipa hata shilingi, fanya jambo moja. Ingia kwenye tovuti ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, utazame orodha ya kozi zilizoidhinishwa. Usitosheke kuona jina la chuo. Tafuta jina la kozi yenyewe, kwani chuo chaweza kuwa halali na kozi moja ndani yake ikawa haijaidhinishwa. Halafu piga simu idara husika uulize: Je, mwaka huu mnapokea wanafunzi wa uzamili wa ukutubi? Masomo ni ya mchana, ya wikendi, ya likizo au ya mtandaoni? Kozi huorodheshwa, kisha isifunguliwe kwa kuwa wanafunzi hawakutimia.

Ada ya maombi ilipe kwa akaunti rasmi ya chuo, na risiti uihifadhi. Mtu akikwambia umtumie kwa simu yake "akusukumie faili", huyo ni mwizi.

Kwa wanaotazama ng'ambo, Marekani kozi iangaliwe kama imetambuliwa na chama cha maktaba cha huko, ALA, kwani waajiri wengi wa huko huanza na swali hilo. Uingereza uzamili huchukua mwaka mmoja, na ufadhili wa Chevening huwataka waombaji wawe na saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka miwili. Ukisoma nje, shahada yako itahitaji kutambuliwa hapa ukirudi. Uliza mapema.

Je, wastahiki?

Kwa kawaida huhitajika shahada ya kwanza yenye daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini hutakiwa aongeze uzoefu wa kazi, mara nyingi miaka miwili, katika fani inayohusiana. Aliyesomea jambo jingine, kama mpwa wangu aliye na shahada ya ualimu, hajafungiwa mlango. Vyuo kadhaa humpokea moja kwa moja, na vingine humtaka apitie kwanza diploma ya juu au masomo ya kuziba pengo.

Hapo ndipo watu huteleza. Mtu hufanya kazi ya maktaba miaka mitatu bila karatasi hata moja ya kuthibitisha. Nilimuuliza binti, "Hiyo kazi ya stoo, ulipewa kwa barua?" Akasema kwa mdomo tu. Nikamwambia kesho asubuhi amwendee mwalimu mkuu kwa adabu, aombe barua yenye tarehe aliyoanza, kazi anazofanya na muhuri wa skuli. Aliipata siku hiyohiyo. Bila barua hiyo, miaka yake mitatu ingebaki kuwa hadithi.

Stakabadhi

Anza kuzikusanya miezi miwili au mitatu kabla. Utahitaji cheti cha shahada, taarifa ya alama za chuo inayoonyesha kila somo, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho, picha, maelezo ya kazi na elimu yako, na barua za watu wawili au watatu wanaokufahamu. Nakala zipigwe muhuri na wakili pale chuo kinapotaka.

Kinachochelewesha zaidi ni taarifa ya alama na hizo barua za watu. Chuo ulichosoma huenda kikakuzungusha kwa sababu ya kitabu kimoja ulichoazima ukasahau kukirudisha. Ndiyo, hata mkutubi mtarajiwa hupatikana na deni la maktaba.

Kuhusu wa kukuandikia, usichague mkubwa asiyekujua. Barua ya diwani aliyekuona mara moja harusini haina uzito kama ya mwalimu wa chuo aliyesahihisha kazi zako au msimamizi anayekuona kila siku. Mpelekee kila mmoja ukurasa mmoja wa kumkumbusha uliyofanya, na tarehe ya mwisho. Baada ya wiki mpigie, umkumbushe kwa upole.

Barua ya nia

Hapa ndipo mpwa wangu alipokuwa akichana karatasi. Nilimwambia anisomee aliyoandika. Ilianza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa mpenzi wa vitabu, na nina ari ya kuchangia maendeleo ya jamii."

Nikamwambia, "Mwanangu, hayo yameandikwa na waombaji wote. Ukiondoa jina lako, nani atajua ni wewe? Niambie, siku ulipopewa ufunguo mlikuta vitabu vingapi?"

"Mia sita na arubaini, mjomba, nikiondoa vilivyoliwa na mchwa."

"Ulijuaje?"

"Nilivihesabu. Wiki mbili, kila jioni."

"Muhula wa kwanza vilipotea vingapi?"

"Thelathini na moja. Muhula uliopita, tisa."

"Kwa nini vilipungua?"

Akanyamaza kidogo. "Niliacha kuwatoza faini. Mtoto akichelewesha kitabu, faini ilikuwa ikipanda, naye hana pesa, basi akawa hakirudishi kabisa. Nikaondoa faini, nikaweka kiranja wa maktaba kila darasa, nikawa naandika majina kwenye daftari."

Ndugu msomaji, jambo alilolivumbua binti huyu katika stoo ya Magunga ndilo lililoushughulisha mji mkubwa wa Chicago. Mwaka 2019 maktaba za umma za Chicago zilifuta faini za kuchelewesha vitabu, na vitabu vilivyokuwa vimekwama majumbani vikaanza kurudi kwa wingi. Wasomi wa ukutubi hulijadili jambo hili kwa kina. Naye alikuwa nalo kwenye daftari, akadhani si kitu cha kuandikia chuo kikuu.

Basi barua nzuri ya nia hujibu maswali matatu, na kurasa mbili zatosha.

La kwanza ni umefanya nini. Weka hesabu. Vitabu vingapi, wasomaji wangapi, kimebadilika nini mikononi mwako. Ikiwa hujawahi kufanya kazi ya maktaba, anza sasa. Nenda maktaba ya kaunti, ya msikiti, ya skuli ya mtaani kwako, ujitolee Jumamosi mbili kwa mwezi na uandike kila ufanyalo.

La pili ni umekwama wapi. Wengi huogopa kusema wasilolijua, ilhali hapo ndipo chuo kinapoona kwa nini wahitaji kusoma. Mpwa wangu alikwama kwenye kupanga. Mwanzo alipanga vitabu kwa rangi (alicheka aliponiambia), kisha kwa masomo. Lakini kitabu cha uvuvi wa ziwani akiweke kwenye sayansi au kilimo? Riwaya ya Kiswahili na kitabu cha sarufi ya Kiswahili vikae pamoja?

Majawabu yapo katika mfumo wa namba wa Dewey unaotumika katika maktaba nyingi duniani. Uvuvi uko 639, jirani na kilimo. Lugha ya Kiswahili iko 496.392, na fasihi yake 896.392, mbali kabisa na lugha yenyewe. Na mfumo huu una upogo wake. Dini zote zimepewa 200 hadi 299, sehemu kubwa ikaenda kwa Ukristo, na Uislamu wote, na elimu zake za karne kumi na nne, ukabanwa kwenye namba moja, 297. Nani aliamua hivyo, na maktaba ya Lamu yenye vitabu vingi vya fiqhi na tafsiri ifanyeje? Hilo ni swali la uzamili.

La tatu ni kwa nini chuo hiki, na utafanya nini ukimaliza. Taja somo au mwalimu wa idara hiyo anayeshughulikia jambo lako, baada ya kusoma kwa hakika kazi zake. Barua moja iliyopelekwa vyuo vitano bila kubadilishwa hujulikana mara moja.

Wazo la utafiti

Vyuo vingi vitakuomba ueleze, walau kwa ufupi, wataka kutafiti nini. Uzamili wa hapa huwa miaka miwili. Kwanza masomo ya darasani, kisha tasnifu. Darasani wengi hupita. Wanaokwama hukwama kwenye tasnifu, kwa kuwa walianza na wazo kubwa lisilobebeka, kama "mchango wa maktaba katika maendeleo ya Afrika".

Chagua swali dogo ambalo waweza kulifikia kwa miguu. La mpwa wangu likawa hili: Je, kuondoa faini na kutumia viranja hupunguza upotevu wa vitabu katika maktaba za skuli za upili Suba Kusini? Daftari lake ni mwanzo, na skuli nyingine ziko karibu.

Kijana wa kwetu naye hana haja ya kutafuta mbali. Nyumba ngapi za Pate, Siyu na Lamu zina miswada ya mababu ndani ya kasha? Wenyewe wanaihifadhi vipi, na wangekubali ipigwe picha kwa masharti gani? Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyoko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyochapishwa 1970, ilitungwa na J. W. T. Allen. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi kwa mkono wake, na nakala zake nyingi leo ziko London na Ujerumani. Hao waliofanya kazi hizo twawashukuru, kwani bila wao mengi yangeliwa na mchwa. Lakini sisi wenyewe, tunaoisoma miswada hii bila mkalimani na kujua ni ya nyumba gani, tuko wapi katika kazi ya kuiorodhesha? Magunga nako wazee wa Kisuba wanaondoka na lugha yao, wajukuu wakizungumza Kijaluo. Jambo ni moja, ziwani na baharini.

Pesa na ruhusa

Bodi ya mikopo, HELB, ina mkopo wa wanaosoma uzamili, si wa shahada ya kwanza peke yake. Vyuo vingine hutoa nafasi za kusaidia kufundisha. Uliza pia hazina ya elimu ya kaunti yako, ukijua kuwa mara nyingi pesa hizo huelekezwa kwa wanafunzi wa chini.

Mwalimu aliyeajiriwa na TSC aombe ruhusa ya masomo mapema, na asidhani ni haki itakayokuja yenyewe. Ukiondoka bila ruhusa waweza kupoteza kazi kabla hujapata shahada. Asiyeweza kuacha mshahara atafute kozi ya likizo au wikendi. Na kabla masomo hayajaanza, jifunze Koha, programu ya kuendeshea maktaba iliyozaliwa New Zealand mwaka 2000. Haina malipo na hutumika katika maktaba nyingi za Kenya.

Yaliyojiri

Binti aliandika barua ya tano. Ilianza: "Nilikabidhiwa vitabu 640 katika makatoni, na ufunguo." Kurasa mbili, bila neno "ari" hata mara moja. Aliituma akiwa katika saiba mjini Homa Bay, zimebaki siku tatu, kwa kuwa mtandao wa Magunga siku hiyo ulikuwa wa kubahatisha. Jawabu halijaja. Laweza kuja la kukubaliwa, laweza kuja la kukataliwa, na akikataliwa ataomba tena mwakani akiwa na daftari nene zaidi.

Kilichomsumbua baada ya hapo si jawabu. Alinipigia tena: "Mjomba, nikikubaliwa, ufunguo nitamwachia nani?" Sasa kila Alhamisi anawafundisha mwalimu mwenzake na wasichana wawili wa kidato cha tatu kuandika kwenye daftari, kubandika namba migongoni mwa vitabu na kuwafuata wenye vitabu vilivyochelewa bila kuwatisha.

Nilimwambia hilo nalo angeliandika kwenye barua. Akasema alishaliandika.